Kutua Tabora kwa ndege nyepesi: amini mshale, macho yatakudanganya

Rubani aliyejifunzia Dar es Salaam akija Tabora na maikrolaiti, yaani ndege nyepesi sana, ya viti viwili, kosa atakalolifanya nalijua kabla hajashuka. Atakuja na mwendo mdogo mno, halafu atakuapia kwamba alikuwa anakimbia sana. Wala hatakuwa anasema uongo.

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Oktoba, mchana joto likifika nyuzi 32, hewa ya pale chini inakuwa nyembamba kama ya mita 2,100 hivi. Sasa kumbuka kwamba mshale wa mwendo haupimi ardhi inavyopita, unapima hewa inavyoigonga ndege. Mshale ukisoma kilomita 85 kwa saa, Dar kwenye joto hilohilo unapita juu ya ardhi kwa 88 hivi. Tabora unapita kwa 94 au 95, na hapo upepo haujavuma hata kidogo. Macho yanaona vichaka vinakimbia kuliko ulivyozoea, mkono wenyewe unaanza kupunguza mwendo. Lakini bawa halina macho. Linataka 85 yake ileile, Dar au Tabora, na ukilinyima linaacha kubeba ukiwa bado hewani.

Kwa hiyo kwenye mshuko wa mwisho mimi husoma mshale kwa sauti, hata nikiwa peke yangu. Abiria wengine hudhani nasali.

Mwendo huo wa ziada juu ya ardhi una gharama yake: ndege itabiringika mbali zaidi baada ya kugusa, karibu sehemu moja ya sita zaidi kuliko Dar. Injini nayo, kama haina turbo ya kuisindilia hewa, imepoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Ukiona mshuko umeharibika, amua kuruka tena mapema, ukiwa bado na kimo cha kuchezea. Kule mwisho wa uwanja, penye miti, umeshachelewa.

Jambo la pili ni wepesi wenyewe. Baiskeli iliyopakia magunia ya mkaa ukiacha kukanyaga inaendelea kwenda. Baiskeli tupu inasimama upesi. Maikrolaiti ni ile tupu. Ndege kubwa ikikutana na upungufu wa upepo mshale wake nao hushuka, ila kwake hiyo ni sehemu ndogo ya mwendo; kwetu ni sehemu kubwa, na ukifunga injini mwendo uliobaki unaisha upesi. Na viwanja vyetu vingi vya vumbi huku, upande wa Urambo na kwingineko, vimekatwa katikati ya miombo. Juu ya miti unaweza kuwa na upepo wa mbele wa kilomita 25 kwa saa. Ukishuka chini ya vilele vyake, umebaki na 10. Zile 15 zimetoka kwenye mwendo wako kwa sekunde chache. Siku ya upepo ongeza kilomita 10 kwenye mwendo wa kushukia, na usifunge moto wote, yaani nguvu ya injini, mpaka umeshapita miti. Upepo ukitoka ubavuni, jihadhari, maana nyuma ya ukuta wa miti hewa huviringika ovyo.

Wanaorusha zile za bawa la kitambaa linaloning'iniza kiti wana mambo yao. Kusukuma mbele bomba la kuongozea bawa kunapunguza mwendo, kulivuta kunaongeza, kinyume cha usukani wa ndege za kawaida. Chini nako ni kinyume: mguu wa kushoto ukisukuma, gurudumu la mbele linakata kulia. Aliyetoka kwenye ndege yenye pedali za mkia afanye mazoezi ya kutembea ardhini mpaka miguu isahau ya zamani, ndipo afikirie kutua. Upepo wa ubavuni usikupe tamaa ya kuinyoosha pua dakika ya mwisho, kwa sababu mkia wa kufanyia kazi hiyo haupo. Iache iguse ikiwa imekaa upande, magurudumu ya nyuma kwanza. Yakishika ardhi yataivuta yenyewe ielekee inakokwenda. Wewe tuliza miguu tu. Ikidunda, usiifukuze kwa bomba mbele na nyuma. Shikilia palipo, ongeza moto kidogo, au ondoka ukajaribu tena.

Mchana wa kiangazi sirushi, na sibishani na mtu kuhusu hilo. Kuanzia kama saa nne asubuhi ardhi inaanza kutema joto, unaona kisulisuli kinatembea uwanjani na majani makavu. Soksi ya upepo inaweza kukuonyesha upande mmoja ukiwa juu na upande mwingine unapogusa. Saa moja asubuhi hewa imetulia, na jioni kuanzia saa kumi na moja hurudi kutulia, ila giza letu huingia haraka na mwezi wa Agosti moshi wa mashamba yanayochomwa hulificha jua kabla halijazama.

Pale uwanja mkubwa wa Tabora, utulivu huohuo una hatari yake. Ikitua ndege ya abiria kama Q400, mizunguko ya hewa inayoachwa na mabawa yake hukaa muda mrefu zaidi siku isiyo na upepo. Mwambie mwongoza ndege kwamba utasubiri dakika kadhaa. Ukishuka, kaa juu ya njia aliyopita mwenzako na uguse mbele ya pale alipogusa yeye.

Ukishasimama, zima injini, inamisha bawa upande unakotoka upepo, funga kamba kwenye vigingi kabla ya kuvua kofia. Kisulisuli kinaweza kuipindua maikrolaiti ambayo haina mtu ndani.