Nimenunua bluetooth, trafiki hanikamati tena. Je, niko salama?

Shikamoo mjomba. Mi ni dereva wa Canter, nabeba samaki kutoka mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kwenda Geita. Mwezi uliopita trafiki alinikuta na simu sikioni maeneo ya Mkolani, akanisema sana alafu akaniachia kwa onyo. Nikaona isiwe tabu, nikanunua bluetooth, sa hivi naongea huku mikono yote iko kwenye usukani. Ila utingo wangu kila siku analalamika eti nikiongea na simu naendesha vibaya. Si wanakataza kushika tu, au?
*Dereva, Kirumba*

Marahaba mwanangu. Huyo utingo wako msikilize, maana yeye ndo anakuona, wewe mwenyewe hujioni.

Ni kweli nchi nyingi zinakataza kushika. New York walianza 2001, Uingereza wakafuata Desemba 2003, na huko kote dereva wa kawaida anaruhusiwa kuongea kwa kifaa ambacho hakishikwi mkononi. Mkono polisi anauona toka mbali, akili iliyohamia kwenye simu ataionaje? Kwahiyo waliandika kile kinachokamatika, hawakusema kwamba kilichobaki hakina hatari. Alafu ukivuka Sirari kuingia Kenya usijisahau, kanuni zao za 2016 zinataja kutumia simu gari likiwa linatembea, faini shilingi 2,000 za kule, hazijaishia kwenye kushika. Na hapa kwetu Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ina kosa la kuendesha bila uangalifu, sasa ukigonga mtu pale Mkuyuni utamwambia hakimu nilikuwa na bluetooth?

Lakini mi hofu yangu kubwa siyo faini. Mwaka 1997 watafiti wa Toronto, Canada, walichukua madereva 699 waliopata ajali na wenye simu kwenye gari, wakalinganisha muda wa ajali na rekodi za simu zao. Wakakuta hatari inapanda kama mara 4 mtu akiwa anaongea, na waliotumia vifaa vya kutoshika hawakuwa na nafuu ya kuonekana. Shirika la Afya Duniani nalo linasema hivyohivyo, kwamba kutoshika hakukuweki salama sana kuliko kushika. Watu wanabisha sana hili, nimebishana nalo hata mimi, mpaka likanikuta.

Nilikuwa natoka mjini naongea na dada yangu mambo ya msiba, simu iko kwenye holda, mikono yangu yote inaendesha. Nilitakiwa nikate kona Mabatini. Nilikuja kushtuka niko Buzuruga. Zebra nilizopita sizikumbuki, waliokuwa wanavuka siwakumbuki, hata kama nilisimama sijui mpaka leo. Macho yalikuwa wazi muda wote. Wataalamu wa chuo kikuu cha Utah, Marekani, akina David Strayer, wamelipima sana jambo hili: dereva anaangalia kitu moja kwa moja na hakioni, kwasababu akili imehamia kwenye maongezi. Na ukishakata simu akili hairudi palepale. Kwenye vipimo vyao vya mifumo ya kuamrisha gari au simu kwa sauti, walikuta mtu anaweza kubaki hajatulia mpaka sekunde 27. Kwa spidi ya 50 hiyo ni kama mita 375, piga hesabu mwenyewe kuna watoto wangapi wa shule hapo katikati saa 7 mchana.

Utauliza mbona naongea na utingo na hakuna shida. Utingo anaona barabara hiyohiyo, bajaji ikichomoka ananyamaza, au anapiga kelele "brekiii!". Tajiri anayekupigia toka Geita kuuliza barafu imebaki kiasi gani haoni bajaji, anaendelea tu kuongea na wewe unaendelea kumjibu.

Kuna kitu kingine nimekiona tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Zamani foleni ya kivuko ilitutesa kweli, ila madereva wa samaki walimaliza simu zao zote pale, bei, mzigo, mke, mkopo. Sasa unapita kilomita 3 juu ya ziwa kwa dakika chache, raha tupu, lakini zile simu hazikuisha, zimehamia kwenye usukani. Kwahiyo tenga kituo chako. Piga za mwanzo kabla hujatoka mwaloni, simama Usagara dakika tano, alafu zingine ukishavuka. Katikati simu ashike utingo, mfundishe bei na kilo, ajibu yeye. Na tajiri mwambie usoni kabla ya safari, si akishakupigia.

Mjomba, mume wangu anaendesha Hiace. Nikimpigia asipopokea roho haitulii, akipokea nasikia honi na konda anaita abiria. Nifanyeje?
*Mama wawili, Nyegezi*

Mama, asipopokea hapo anakupenda. Akipokea, neno lako la kwanza liwe "uko kwenye gari?", akisema ndiyo kata, usisubiri akwambie ongea tu nina hedifoni. Mkubaliane muda, mfano akifika mwisho wa ruti akubipu. Simu nyingi za sa hivi pia unaweza kuziseti zijibu zenyewe kwa meseji kwamba naendesha, mwambie mtoto mkubwa amsaidie, ni kazi ya dakika mbili. Ukiwa na dharura ya kweli, mgonjwa au moto, tuma meseji fupi kwa konda.

Mi bodaboda, simu naichomeka ndani ya helmeti naongea. Sijashika kitu hapo.
*Kijana wa Igoma*

Toa leo hii. Mbali na hayo niliyomwambia dereva wa Canter, simu inasukuma sponji, helmeti haikai sawa kichwani, ukianguka kuna kitu kigumu katikati ya shavu na helmeti. Alafu sikio moja limeziba na la pili lina upepo, Fuso linalokuja nyuma toka Kisesa utalisikia likishafika. Na umebeba abiria aliyekuamini. Ikiita, toka pembeni ya lami, shusha mguu, ongea, abiria atakusubiri.