Maswali ya Wasomaji: Je, Ni Sauti Iliyowaangusha Nyota wa Filamu Bubu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma mara nyingi kwamba filamu zenye sauti zilipoingia, waigizaji wa filamu bubu walipoteza kazi kwa kuwa sauti zao zilikuwa mbaya. John Gilbert na Buster Keaton ndio wanaotajwa zaidi. Je, ni kweli?

JIBU: Ukweli wa habari hii ni mdogo kuliko umaarufu wake. Filamu zenye mazungumzo zilianza kuitikisa Hollywood mwaka 1927, na wapo waliokwamishwa na lafudhi: Emil Jannings, mwigizaji wa Kijerumani aliyepata Oscar ya kwanza kabisa ya mwigizaji bora wa kiume, alirejea Ujerumani kwa sababu hiyo. Hata hivyo Greta Garbo, aliyekuwa na lafudhi ya Kiswidi, alisikika katika filamu kwa mara ya kwanza mwaka 1930 na watazamaji wakazidi kumpenda.

Gilbert alikuwa nyota wa studio ya MGM, aliyetia saini mwaka 1928 mkataba wa dola 250,000 kwa kila filamu. Mwaka uliofuata watazamaji walimcheka katika filamu ya mapenzi, na tangu hapo ikaenea kwamba sauti yake ilikuwa nyembamba mno. Anayemsikiliza leo katika filamu aliyoigiza pamoja na Garbo mwaka 1933 atasikia sauti ya kawaida kabisa ya mwanamume. Kwa maoni yangu, kilichochekesha ni maneno aliyopewa, kwa maana matamko ya mapenzi yaliyosomeka vizuri yalipokuwa maandishi kwenye pazia yaligeuka kichekesho yalipotamkwa. Mkataba ulimpa fedha nyingi, lakini hadithi zilichaguliwa na wakubwa wa studio. Alizama katika ulevi, akafariki Januari 1936 akiwa na umri wa miaka 38.

Habari ya Keaton iko wazi zaidi. Mchekeshaji huyu alipanda jukwaani na wazazi wake tangu utotoni, kwa hiyo kuzungumza mbele ya watu hakukumtisha, na filamu zake za kwanza zenye sauti ziliingiza fedha nzuri. Kilichomwangusha ni uamuzi wa mwaka 1928 wa kuacha studio yake ndogo na kujiunga na MGM, uamuzi ambao baadaye aliuita kosa kubwa kuliko yote ya kazi yake. Awali yeye na wenzake wachache walibuni vichekesho palepale mbele ya kamera. Huko MGM kila jambo lilipaswa kuandikwa na kuidhinishwa kwanza. Ndoa yake ilivunjika, pombe ikamshinda, na mwaka 1933 akafukuzwa. Aliendelea kufanya kazi ndogondogo hadi kizazi kipya kilipozitazama upya filamu zake za zamani, na mwaka 1960 akapewa Oscar ya heshima. Alifariki mwaka 1966.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Georges Méliès alikufa akiwa muuza vitu vya watoto kwenye stesheni ya treni?

JIBU: Aliuza kweli, ila hakufa katika hali hiyo. Méliès alikuwa mwanamazingaombwe wa Paris, mwenye ukumbi wake tangu mwaka 1888, naye alitengeneza filamu zaidi ya 500, nyingi zikipigwa katika studio ya vioo aliyoijenga Montreuil mwaka 1897. Filamu yake ya mwaka 1902 kuhusu safari ya mwezini ilinakiliwa Marekani na kampuni za huko, ikiwemo ya Edison, bila yeye kulipwa. Isitoshe, alizoea kuuza nakala moja kwa moja, hivyo soko lilipogeukia kukodisha, wenye mitaji mikubwa wakamwacha nyuma. Alikopa kwa kampuni ya filamu ya Pathé akaweka mali yake rehani, na mwaka 1923 akapoteza kila kitu. Kwa hasira aliziteketeza filamu zake asilia, hasara ambayo wapenzi wa sinema wanaijutia hadi leo.

Ndipo yeye na mkewe, Jehanne d'Alcy, aliyekuwa mwigizaji wake, wakauza pipi na vitu vya kuchezea katika stesheni ya Montparnasse. Waandishi wa habari walimgundua huko, mwaka 1931 akapewa nishani ya Légion d'honneur, na mwaka uliofuata akahamia makao ya wastaafu wa filamu huko Orly. Aliishi huko hadi alipofariki Januari 1938.

SWALI: Mwanamke wa kwanza kuongoza filamu alikuwa nani?

JIBU: Ni Alice Guy, Mfaransa aliyekuwa karani wa Léon Gaumont, mwenye kampuni ya filamu, na aliyeanza kuongoza filamu mwaka 1896. Baadaye alihamia Marekani, akaanzisha kampuni ya Solax mwaka 1910, akarejea Ufaransa mwaka 1922 na hakuongoza filamu tena. Kwa kuwa filamu zake kadhaa ziliorodheshwa kwa majina ya wanaume, alitumia miaka yake ya uzeeni kuzisaka na kuandika kumbukumbu zake. Alifariki mwaka 1968. Kumbukumbu hizo zilichapishwa mwaka 1976.