Uliza Ujibiwe: Hiyo Diana ni ya Mjerumani kweli?

Swali: Habari za kazi ndugu. Mwaka huu ndo nimeanza kukusanya bunduki za upepo za zamani. Kuna jamaa ana Diana Mod. 27, anasema ni ya Mjerumani, ya kabla ya vita, anataka tubadilishane na bunduki yangu ya upepo, Weihrauch HW35, halafu nimuongezee na hela juu. Kwenye picha inang'aa kama mpya. Nikubali?

Jibu: Ndugu yangu, hela usitoe na hiyo HW35 iweke ndani kwanza. Muombe jamaa picha moja tu, ya maandishi yaliyogongwa kwenye chuma juu ya silinda (lile bomba nene ambamo springi na pistoni hukaa), aipige kwa karibu na mwanga utokee pembeni ili herufi zionekane vizuri. Akikwepakwepa kukupa hiyo picha basi ushapata jibu lako.

Shida ni kwamba neno Diana peke yake halitoshi, maana limetumika na viwanda viwili tofauti. Wenyewe wa asili ni Mayer & Grammelspacher wa Rastatt, Ujerumani, walioanza 1890, na nembo yao ni yule mungu wa kike wa uwindaji ameinua bunduki juu, upinde wake ameutupa chini. Sasa baada ya Vita ya Pili ya Dunia mitambo yao ikachukuliwa ikapelekwa Uingereza, na jina likaenda nayo, wakachukua kampuni ya Milbro wa Motherwell kule Uskoti, wakaanza kutoa Diana zao kwa namba za modeli zilezile za Wajerumani. Rastatt walivyorudi kwenye kutengeneza bunduki mwaka 1950 wakakuta kwa soko la Uingereza jina lao wenyewe hawaruhusiwi kulitumia, ikabidi waandike "Original". Watu wengi wakiona hilo neno wanadhani ni sifa tu, kumbe ndo jina lenyewe la sokoni, na Diana hawakuirudisha kule mpaka miaka ya 1980.

Kwa hiyo ukikuta "Made in Great Britain" hiyo ni Milbro, na haiwezi kuwa ya kabla ya vita hata muuzaji aape vipi. Ukikuta "Western Germany" au "West Germany" ni ya Rastatt ila ni ya kuanzia 1949 kuja mbele, kwa sababu kabla ya hapo nchi yenye jina hilo haikuwepo. Ukikuta herufi F ndani ya kialama cha pembe tano, hiyo inatokana na sheria za silaha za Ujerumani, inaonyesha nguvu haizidi jouli 7.5, na ilianza kugongwa karibu na miaka ya 1970, kwa hiyo habari ya vita hapo haipo kabisa. Na Rastatt nyingi za baada ya vita zina tarakimu ndogondogo zimegongwa nyuma ya silinda, upande wa kushoto karibu na mbao, ni mwezi na mwaka. Ziangalie kwa lenzi, mara nyingi zimejaa uchafu.

Sisemi Milbro ni mbaya, ninazo na nazipenda, ila ni kitu kingine, na HW35 yenye kile kibanio cha pembeni cha kufungulia mtutu usiitoe kwa Milbro halafu tena uongeze na hela.

Halafu hilo la kung'aa ndo linanipa wasiwasi zaidi. Chuma cha umri huo kikiachwa na rangi yake ya kiwandani huwa kimefifia pale mkono unaposhika, kingo za herufi bado kali ukipitisha kucha unazisikia. Kilichopigwa msasa na kupakwa rangi upya herufi zake zinakuwa kama zimeyeyuka, kona za silinda zimelala, na matundu ya skrubu yamekuwa kama visahani. Angalia na vichwa vya skrubu, vikiwa vimetafunwa na bisibisi ujue kuna mtu alishaingia ndani na hujui alitoa nini. Mimi niliwahi kubadilishana nikapata bunduki ya upepo ya Kiingereza, BSA Airsporter, ile modeli iliyotoka 1948 yenye wenzo wa kukokea uliofichwa chini ya mbao, nikaangalia nembo ya bunduki tatu zilizoegemeana nikaridhika, koki ya kuingizia risasi sikuigusa. Kufika nyumbani koki imelika, upepo wote unatokea pembeni. Siku hizi naweka kipande cha tishu juu ya koki, naelekeza mtutu mahali salama, nafyatua na risasi ikiwa ndani, tishu ikiruka sichukui.

Swali: Nimeachiwa bunduki ya upepo ya Daisy na babu, haina mwaka popote. Nitajuaje umri wake?

Jibu: Soma anwani. Ikiwa ni Plymouth, Mich. (yaani Michigan, Marekani) basi ilitengenezwa kabla kiwanda hakijahamia Rogers, Arkansas mwaka 1958, na ikiwa ni Rogers ni ya baada ya hapo. Na tafadhali usiibadilishe na mtu kabla hujaijua vizuri, ya babu haina mbadala.

Swali: Kaka, nina bunduki ya upepo ya zamani, Webley Mark 3, inapiga kinyonge sana, risasi inaanguka karibu. Fundi anasema nibadilishe springi. Mwenye kubadilishana naye anakuja wiki ijayo.

Jibu: Springi iache kwanza. Bunduki nyingi za enzi hizo pistoni yake ina washa ya ngozi, na ikikaa kabatini miaka ngozi inakauka na kusinyaa, upepo unapita pembeni. Hakikisha haina risasi na haijakokwa, kisha dondosha matone mawili matatu ya mafuta yanayofaa ngozi kupitia tundu la upepo, isimamishe mtutu ukiangalia juu, iache usiku kucha. Mafuta mepesi ya mashine usiweke, yanalipuka kwa joto la mgandamizo, utaona moshi na kusikia mlio mkali, ukadhani nguvu imerudi kumbe unaiumiza springi. Na usiifungue mwenyewe bila kibanio cha springi, ile springi imebanwa humo ndani na ikichomoka inaweza kukuvunja mkono.

Ikipona mwambie huyo mwenzako ulichofanya. Isipopona mwambie vilevile, mkubaliane kwa hali yake ilivyo.