Dalali kabandika tangazo? Hesabu siku kwanza

Juzi dada mmoja wa Isevya, hapa Tabora, ameniandikia usiku: dalali kabandika karatasi getini Jumatatu, mnada ni Jumamosi, afanyeje benki isiuze nyumba? Wengi tumeweka nyumba rehani ili duka likue au tumbaku ifike sokoni, basi namjibu hadharani.

Toa makaratasi yote mezani uhesabu siku. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi kinaitaka benki ikupe notisi ya maandishi ya siku 60, na siku hizo zinaanza ulipoipokea, si tarehe iliyochapwa juu ya barua. Kisha Sheria ya Madalali inataka mnada wa ardhi utangazwe siku zisizopungua 14, mji mkuu wa wilaya na pale mnada utakapofanyika. Kama ni nyumba ya ndoa, angalia pia kama mwenzi alitoa ridhaa ya kuiweka rehani. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinaidai. (Ila usimtume mkeo akane sahihi aliyoiweka mwenyewe mbele ya wakili. Ujanja huo umezeeka.)

Dawa ni zuio, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha mnada, lakini zuio halisimami hewani. Fungua shauri la msingi, yaani kesi yenyewe dhidi ya benki, na ndani yake uweke ombi la zuio la muda chini ya Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, pamoja na kiapo (maelezo ya maandishi unayoyaapia) na hati ya dharura inayoeleza kwa nini usikilizwe haraka. Wanaokimbia na ombi tupu hurudishwa mlangoni. Nyumba ya thamani isiyozidi shilingi milioni 300, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zaidi ya hapo, Mahakama Kuu.

Tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969 mwombaji hupimwa kwa mambo matatu, na lazima yote yawepo: kuna hoja nzito yenye dalili ya kushinda, utapata hasara ambayo fedha haiwezi kuifidia, na wewe utaumia kuliko benki zuio likikataliwa. Wengi huangukia la pili. Wanaandika "familia yangu itateseka", benki inajibu kwamba nyumba ilithaminiwa siku ya kukopa, ina bei yake, na benki yenyewe ina uwezo wa kulipa fidia. Hapo umekwisha. Hoja ya kwanza nayo iwe na meno: notisi haikufika, siku hazikutimia, hesabu ya deni ina riba isiyomo kwenye mkataba.

Kwa hiyo kiapo kiwe na tarakimu. Ulikopa kiasi gani, umelipa kiasi gani, unapinga kiasi gani. Ambatisha mkataba, notisi, taarifa ya akaunti, stakabadhi za marejesho na picha ya tangazo inayoonyesha tarehe. "Nimeshalipa sehemu kubwa" bila stakabadhi ni maneno ya kijiweni. Jitolee kuweka mahakamani kile usichokibishania, mizani husogea. Ukikiri deni lote kisha uombe tu huruma ya muda, umejifunga mwenyewe, maana mahakama haikuandikii mkataba mpya.

Ukipewa amri, chukua nakala yenye muhuri, mpelekee meneja wa benki na dalali, wasaini na kuandika saa waliyoipokea. Zuio ni miezi sita kwa wingi, na likiongezwa jumla haivuki mwaka mmoja. Wakati huo riba haijalala.

Mnada ukishafanyika, ombi limepitwa na wakati. Mnunuzi mwenye nia njema analindwa na kifungu cha 135 cha Sheria ya Ardhi, wewe unabaki kudai fidia. Kwa ajili hiyo uwe na ripoti ya mthamini wako: bei ikiwa chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, kifungu cha 133 cha sheria hiyo kinaigeuzia benki mzigo wa kujieleza.

Dada wa Isevya, kama hilo la Jumatatu ndilo tangazo la kwanza, Jumatatu hadi Jumamosi hazifiki 14. Piga picha karatasi kabla haijabanduliwa, asubuhi uwe kwa wakili.