Wikendi za Freiburg: kwa wanaokuja kusoma muhula mmoja au miwili

Ukishafika Freiburg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, wiki za mwanzo zitaishia kwenye foleni: kujiandikisha mjini, bima, benki, kibali cha ukaazi. Hayo yote chuo kitakuelekeza. Kuhusu wikendi hakuna atakayekuelekeza, na mimi naona ndizo zinazoamua kama muhula utakuwa mtamu au utakushinda. Ijumaa mchana maktaba inapungua watu, korido za bweni zinapoa, na wanafunzi wengi wa Kijerumani wanapanda treni kwenda kwa wazazi wao na begi la nguo za kufua. Ukingoja Jumamosi asubuhi ndipo uanze kuuliza nani yupo, utabaki wewe na simu yako.

Wikendi inapangwa Jumatano. Huku watu wanaishi kwa kalenda. Ukiwauliza mapema watakujibu ndiyo au hapana, na hapana yao haina kinyongo ndani yake, kwa hiyo wiki inayofuata uliza tena bila aibu. Ujumbe wako uwe na kitu cha kushika: Jumapili, treni ya 9:10, tukutane stesheni chini ya ubao wa ratiba, tutarudi kabla ya giza. (Saa andika kwa tarakimu, hasa kama kundini kuna Mswahili mwenzako, saa tatu ya mmoja ni saa tisa ya mwingine.) Ile "siku moja tutoke" haijawahi kumtoa mtu kitandani.

Msiwe wengi. Watano wanatosha kabisa. Wakifika kumi na tano, nusu ya siku inaishia kusubiriana nje ya vyoo, na kila kikundi kinarudi kwenye lugha ya kwao. Jitahidi katika hao watano wawemo wenyeji wawili. Wanafunzi wageni tunapatana haraka kwa sababu wote tuna upweke uleule, lakini mwenyeji ndiye anayejua njia ya mlima isiyo na watalii, na ndiye utakayefanya naye mazoezi ya Kijerumani chako bila woga wa mtihani.

Sasa usafiri, maana hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea. Deutschlandticket ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi 58 mwaka 2025 na 63 mwaka 2026. Inakupandisha mabasi, tramu na treni zote za mikoani nchi nzima. Kama una umri chini ya miaka 27 na unasoma katika jimbo hili la Baden-Württemberg, ulizia kwanza D-Ticket JugendBW, ambayo ni ya bei nafuu zaidi. Wasio na tiketi ya mwezi wachangishane Baden-Württemberg-Ticket, tiketi ya siku moja ya jimbo: moja inabeba hadi watu watano, na Jumamosi na Jumapili inaanza kutumika tangu saa sita usiku, si saa tatu asubuhi kama siku za kazi. Zote hizo ni za treni za polepole, yaani zilizoandikwa S, RB au RE. Ukipanda ICE, ile ya kasi, nyeupe yenye mstari mwekundu, mbele ya mkaguzi wewe ni msafiri asiye na tiketi. Faini ya kusafiri bila tiketi kwenye usafiri wa mikoani ni euro 60, na kusema "mimi mgeni" hakupunguzi hata senti.

Jambo jingine ni mabehewa. Treni ya kupanda bonde la Höllental kwenda Titisee huenda ikatoka Freiburg ikiwa moja, kisha ikakatwa njiani: sehemu moja ikaelekea Seebrugg, nyingine Villingen. Kwa hiyo mnaweza kuwa mmekaa mnacheka, mkate mkononi, nusu yenu behewa la mbele na nusu la nyuma kwa kukosa viti, mkaachana hivihivi bila ugomvi. Kabla ya kukaa, soma jina la kituo cha mwisho kwenye kioo cha behewa lako. Lisome hata kama mlioingia nao wana uhakika.

Kwa safari ya kwanza, mimi ningewapeleka Hinterzarten. Shukeni hapo, mtembee kwa miguu hadi Titisee, kisha mpande treni ya kurudi. Njia ni tambarare na inapita msituni, wala haihitaji mtu mwenye mapafu ya mwanariadha. Alama za njia katika Schwarzwald, yaani Msitu Mweusi, ni vibao vya umbo la almasi: vya njano ni njia za karibu, vya bluu za masafa, na almasi nyekundu ni Westweg, ile ndefu inayotoka Pforzheim hadi Basel kwa kilomita zipatazo 285. Ukiifuata nyekundu kwa bahati mbaya, kuna safari mbele yako.

Wakati wa baridi usikubali kufungiwa ndani na ukungu. Panda tramu namba 2 hadi Günterstal, kisha basi namba 21 hadi kituo cha chini cha kebo ya Schauinsland, mlima wa mita 1,284 uliomo ndani ya mipaka ya mji wenyewe. Kuna siku za Desemba mji mzima umezama kwenye ukungu wa kijivu, watu wanatembea wameinamisha vichwa. Kijumba cha kebo kinapanda ndani ya weupe mtupu, mnakaa kimya, halafu ghafla mnatoboa juu ya mawingu na jua linawapiga usoni. Kama hewa ni safi, upande wa kusini mtaona safu ya Alpi. Nenda na viatu vyenye meno. Raba za kutembelea mjini zinateleza kwenye theluji iliyokanyagwa, na saa kumi na moja jioni tayari giza limeingia.

Mipaka itakutamanisha. Strasbourg iko karibu: treni hadi Offenburg, nyingine hadi Kehl, halafu tramu ya D inavuka mto Rhine (hiyo unaikatia tiketi yake). Kanisa kuu la huko lina mnara wa mita 142, ambao ulikuwa jengo refu kuliko yote duniani hadi mwaka 1874. Basel nako ni mwendo mfupi, ila Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya: zima data za simu kabla ya kuvuka, la sivyo bili itakufuata, na ubebe chakula chako. Viza ya muda mrefu au kibali cha ukaazi cha Ujerumani kinakuruhusu kutembea nchi nyingine za Schengen, zile za Ulaya zinazotambua viza moja, hadi siku 90 katika kila siku 180. Uingereza na Ireland hazimo humo, hata tiketi ya ndege iwe rahisi namna gani. Beba pasipoti halisi pamoja na kibali, picha ya simu haitoshi. Tangu Septemba 2024 Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu, askari wanaingia ndani ya treni, na tuseme ukweli, sisi weusi hawatupiti.

Kuhusu pesa, kila mtu analipa chake. Rafiki akikualika kahawa, huenda mwaliko ni wa kukaa pamoja tu, na mhudumu atauliza kama mnalipa pamoja au mbalimbali. Si uchoyo, ndivyo wanavyoheshimiana. Na Jumapili maduka makubwa yamefungwa, kwa hiyo mkate na matunda vinunuliwe Jumamosi. Chupa tupu usitupe: nyingi za plastiki zina amana ya senti 25.

Siku mwenyeji akisema "njoo kwetu wikendi hii", ahirisha kila kitu, hata Paris. Fika kwa wakati, vua viatu mlangoni, mpe mama mwenye nyumba zawadi ndogo, na uliza kama unaweza kusaidia kuosha vyombo. Wikendi moja ya kijijini kwao itakufunza zaidi ya miji mitano ya kupigia picha.

Halafu la mwisho la kiofisi: Deutschlandticket inajirudia yenyewe kila mwezi hata ukiwa umesharudi nyumbani. Ighairi kabla ya kupita tarehe 10 ya mwezi wako wa mwisho.