Nimekonda kama ufito na kolestro iko juu, sasa nile nini?

MUULIZE SHANGAZI

Shangazi habari za siku. Mimi ni dereva wa lori, napeleka mzigo kutoka Malaba mpaka Elegu, nina miaka 41, urefu mita 1.74. Mwaka jana nilikuwa kilo 61, sasa mizani inasema 52, suruali nafunga na kamba. Mwezi uliopita tajiri wetu alitaka madereva wote tupimwe, nikapewa karatasi: kolestro yote 6.4 (mmol/L), ile mbaya 4.3, nzuri 1.3, na triglisaraidi, yale mafuta mengine ya damu, 1.8. Daktari akaniambia "acha mafuta" halafu akaita mwingine. Basi nimeacha, nakula posho (ugali wa mahindi) na maharage ya kuchemsha na chai kavu, na ndiyo nazidi kukonda. Mama yangu anasema nile samli na nyama yenye mafuta mwili urudi, mke wangu anaogopa ile karatasi, na majirani wameanza kuniangalia ile ya kusema huyu kashikwa na silimu, yaani UKIMWI. Nikila mafuta kolestro inapanda, nikiacha naisha. Usiku barabarani najisaidia na mairungi (miraa) kidogo nisilale na sigara mbili tatu. Kwetu wote ni wembamba, hata marehemu baba alikuwa mwembamba, alianguka tu shambani akafa akiwa na miaka 49. Nisaidie.
Dereva Mkonde, Malaba

JIBU

Mwanangu pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nakuambia ukweli, hapo nyumbani wote wanaokuvuta wana haki nusu nusu. Mama yako ana haki kwamba lazima mafuta yarudi kwenye sahani. Mke wako ana haki kuogopa. Wanachogombana ni mafuta gani, ila hakuna aliyekuambia, na huyo daktari naye angekaa na wewe dakika tano tu mngemaliza.

Kwanza hili la kukonda. Sisi Uganda mtu akikonda tunashtuka kuliko watu wengine, kwa sababu tuliona kwa macho kule Rakai miaka ya themanini, watu wakaita ugonjwa silimu kabla hata haujajulikana vizuri, na mwaka 1985 madaktari wakaliandika jina hilo hilo kwenye jarida la Lancet. Ndiyo maana mpaka leo mtu akitoa kitambi tunampongeza. Lakini kolestro haiangalii kitambi bwana, nimeuguza wembamba wengi tu ambao damu yao ilikuwa imejaa.

Kilo 9 kwa mwaka bila wewe kutaka, hilo si swali la chakula peke yake. Kabla hujanunua hata karanga nenda kituo cha afya cha serikali ukapime TB, HIV, na sukari, na uwaambie wakuangalie tezi ya shingoni pia na minyoo. TB na HIV kule serikalini wanapima bure. Jiulize pia, je unakohoa zaidi ya wiki mbili, unalowa jasho usiku, unasikia kiu sana na kusimamisha lori kila saa ukojoe? Kama lipo hata moja usingoje safari irudi, nenda kesho.

La pili uliliandika mwishoni kama halina maana, na mimi ndilo lililonikalisha. Baba kuanguka akafa na miaka 49. Sijui kama ni moyo, hakuna aliyempima, lakini kuna kolestro ya kurithi ambayo inatembea kwenye ukoo hata watu wote wawe wembamba kama fimbo. Kwa kawaida madaktari wanaanza kuishuku ile mbaya ikifika 4.9 kwenda juu, wewe uko 4.3, hujafika, lakini habari ya baba lazima daktari aisikie kwa mdomo wako kwa sababu inabadilisha uamuzi wake wa dawa. Na ndugu zako nao wapime. Siku yoyote kifua kikikubana au ukaishiwa pumzi kwa kupanda tu kwenye kabini, paki hapo hapo utafute hospitali.

Haya sasa tuje kwenye sahani.

Kolestro nyingi haitoki kwenye chakula, inatengenezwa na ini lako mwenyewe. Kinacholiharibia ini kazi ni mafuta yale mazito yanayoganda yakipoa, samli, siagi, mafuta ya ng'ombe, ngozi ya kuku, yale mafuta meupe ya kopo. Ukiyala sana ini linakuwa zito kuivuta ile kolestro mbaya kutoka kwenye damu, inabaki inazurura. Lakini mafuta ya maji maji, ya karanga, simsim, alizeti, ovakado, samaki, hayo hayafanyi hivyo, ukiyaweka mahali pa yale mazito ile mbaya inashuka. Na kwenye kunenepa yote ni sawasawa, gramu moja ya mafuta ina kalori 9 ikiwa ni ya samli au ya simsim, wakati wanga wa posho na protini ni kalori 4 tu. Umeona sasa ulivyojinyonga? Ulitupa chakula chenye nguvu kuliko vyote, ukabaki na posho inayojaza tumbo tu.

Maharage usiache hata kidogo, hapo ulipatia. Yana nyuzinyuzi zinazogeuka kama ute tumboni, zinashika nyongo na kutoka nayo chooni, ini likikosa nyongo linatengeneza nyingine, na malighafi yake ni ile ile kolestro, linaichukua kwenye damu. Kosa lako ni kuyachemsha na chumvi ukaishia hapo. Yaunge na kitunguu, nyanya na kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti, hicho kijiko kimoja ni kama kalori 120.

Na wewe Mungu kakupa barabara nzuri, wengine tungetafuta. Ukitoka Malaba ukafika Mbale, ulizia malewa, ile michipukizi ya mianzi ya Wagisu iliyopikwa kwa karanga. Ukiingia Soroti karanga ndiyo nyumbani kwao, pale karibu Serere ndiko watafiti wanakotoa zile mbegu za Serenut, nunua za kukaanga bila mafuta uweke kwenye kopo karibu na gia. Samaki wa Ziwa Kyoga wako hapo pia, waombe wa mchuzi, si wa kukaanga. Lira ni simsim na alizeti. Gulu sasa, ah, Gulu kuna odii, karanga na simsim zimesagwa pamoja mpaka zinang'aa, na malakwang, mboga yenye uchachu ndani ya hiyo odii, na viazi vitamu pembeni. Mtu anayepita hapo mara mbili kwa wiki akala chipsi za Kamdini, mimi namshangaa.

Hesabu yake si ngumu. Usibadilishe milo unayokula, ongeza kama kalori 500 kwa siku. Asubuhi uji wa ulezi na vijiko viwili vya odii ndani, hapo 190. Mchana nusu ya ovakado kubwa juu ya chakula, 160. Jioni kiganja cha karanga, kama gramu 30, 170. Basi, imepita. Kwa njia hiyo utaongeza robo mpaka nusu kilo kwa wiki. Kwa urefu wako kilo za chini kabisa za mtu mwenye afya ni 56, kwa hiyo miezi miwili mpaka minne utakuwa umefika, 60 itakuja baadaye. Na ukipaki lori piga pushapu na skwati, dakika 15 mara tatu kwa wiki, maana ukikaa tu kwenye kiti hizo kilo zote zitaishia tumboni.

Karanga lakini ziangalie. Iliyokunjamana, yenye ukungu, au chungu, tema na utupe. Ukungu ule una sumu inayoharibu ini, na kusaga hakuiondoi, ndiyo maana mimi ya kusagwa nanunua kwa mama ninayemwona akichambua kwanza.

Najua utaniuliza rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai. Wiki jana nilisimama pale stendi nikamtazama kijana anavyofanya, ana chupa ya maji kaitoboa kifuniko na msumari, kaminya mara ya kwanza chapati ikaanza kuogelea, akageuza kaminya tena, akapasua mayai mawili kaminya mara ya tatu, mpaka akikunja mafuta yanadondoka kwenye gazeti. Mayai hayakuwa shida sana hapo. Shida ni ile chupa, mafuta mengi ya bei nafuu yanayopimwa dukani ni ya michikichi, na karibu nusu yake ni yale mazito, ya alizeti ni kama sehemu moja tu ya kumi. Nikamwambia mwanangu hiyo yangu ipashe kavu, minya mara moja tu, niwekee nyanya nyingi na ovakado. Alicheka lakini alifanya. Wakati mwingine chukua kikomando, maharage mengi chapati moja, nayo umwambie apashe kavu.

Maziwa kunywa, ila toa malai. Samli na eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli, viwe vya harusini. Nyama isiyo na mafuta mara moja mbili kwa wiki inatosha, siku nyingine mukene (dagaa), usage uchanganye kwenye mchuzi wa karanga. Soda na chai ya vijiko vinne vya sukari zitakuongezea kilo kweli, lakini zinapandisha triglisaraidi, na yako 1.8 tayari imezidi kidogo, wanataka isifike 1.7. Waragi, ile pombe kali, pia hivyo hivyo.

Sasa mairungi. Mwanangu, uliandika "kidogo", sawa, nimekubali. Lakini majani hayo yanaua njaa, ukitafuna saa mbili usiku huli mpaka kesho mchana, yanapandisha presha, na sigara juu yake inashusha ile kolestro nzuri. Mimi naona kilo 3 au 4 kati ya zile 9 ziko ndani ya hicho kifurushi cha majani ya ndizi. Kama huwezi kukaa macho bila kutafuna basi ratiba ya tajiri wako ndiyo mbovu, lala saa nne pale Soroti uamke alfajiri. Sigara uanze na ile ya usiku, ndiyo inayokunyima chakula.

Baada ya miezi mitatu rudi upime tena, maabara ile ile ikiwezekana. Ile mbaya ikigoma kushuka usione aibu kumeza dawa, kwa mtu mwenye habari ya baba kama yako daktari anaweza hata asingoje hiyo miezi mitatu, na mimi sitabishana naye.

Shangazi, niko Kisenyi, rafiki yangu kanenepa kwa vidonge, anachanganya viwili, cha asubuhi na cha usiku, mashavu yamejaa vizuri. Nami nataka, ni salama?

Si salama hata kidogo binti yangu. Mara nyingi huo mchanganyiko ni saiproheptadini, dawa ya mzio inayokulaza na kukutia njaa, na deksamethasoni ambayo ni steroidi. Hayo mashavu si nyama, ni uso umevimba. Steroidi hiyo inapandisha sukari na presha na kulainisha mifupa, na mwili unasahau kutengeneza yake. Kwa hiyo huyo rafiki yako kama amemeza wiki nyingi asiache ghafla, anaweza kuzimia, aende kwa daktari na pakiti mkononi apunguziwe pole pole. Wewe anza na odii.

Shangazi, sisi Bombo tunakunywa kahawa ya kuchemsha kila baada ya swala, mzee wangu ana kolestro, kuna mtu kasema kahawa inaipandisha. Kweli?

Kweli, ingawa huyo mtu hakumalizia. Kahawa iliyochemshwa na unga wake ina mafuta fulani yanayopandisha ile kolestro mbaya, na ukiipitisha kwenye karatasi ya kuchujia yanabaki kwenye karatasi. Ile ya kuyeyuka karibu haina. Vikombe vidogo viwili kwa siku sioni vita ya kupigana na mzee, lakini kila swala ni vitano, kwa hiyo mchujie hata vitatu. Halafu uangalie anaitafuna na nini, kama ni halua na mandazi, tuanzie hapo kwanza, kahawa tutaifikia.