Maji ya Zizini Kwenye Vinyunyizio: Je, Jua Linatosha?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafuga ng'ombe 6 wa maziwa. Maji ya kuoshea zizi huingia shimoni, nami huyavuta kwa mashine ndogo na kuyanyunyizia mabingobingo. Mke wangu anataka tuyafikishe pia kwenye kabichi na nyanya, kwa kuwa, asemavyo, jua huua vijidudu vyote kabla ya jioni. Je, ni kweli? – Mfugaji, Rungwe.

JIBU: Shemeji yuko karibu na ukweli, ila amelitwika jua mzigo lisiouweza. Tone dogo likiruka kutoka kwenye kinyunyizio hukauka upesi, na bakteria waliomo hupigwa na mionzi ya jua isiyoonekana, iitwayo urujuanimno. Kwa hiyo hufa wengi zaidi mchana wa jua kali kuliko usiku au wakati wa ukungu, na ukungu wa Rungwe unaujua kuliko mimi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unakadiria kwamba bakteria walio juu ya mazao hupungua kwa siku moja kwa takriban theluthi mbili, na hali ikiwa nzuri sana kwa asilimia 99. Tuseme, basi, kabichi moja imepata bakteria milioni moja: hata katika siku hiyo nzuri watabaki 10,000, ilhali bakteria waitwao E. coli wa aina ya O157, ambao ng'ombe huwabeba bila kuugua, wanaweza kumlaza mtu hata wakiwa chini ya 100.

Siku moja baada ya kunyunyizia, nenda shambani saa nne asubuhi ufunue jani la mabingobingo pale linapokumbatia shina. Utakuta utando wa samadi ungali na unyevu, kwa sababu jua halifiki hapo. Kabichi, yenye majani yaliyofungamana, huwahifadhi bakteria vizuri zaidi, na udongoni bakteria wa Salmonella huweza kuishi wiki kadhaa, pengine miezi.

Kinachosaidia kuliko jua ni muda. Chimba shimo la pili, ili moja likijaa ulifunge kwa wiki kadhaa huku la pili likipokea. Ukiendelea kumimina maji mapya katika shimo lile lile, kila siku unaanza kuhesabu upya. Choo cha nyumbani kisielekezwe humo kamwe, maana mayai ya tegu yatokayo kwa binadamu humrudia ng'ombe kupitia malisho. (Nimewahi kuona bomba la namna hiyo, na mwenye nalo alijivunia ubunifu wake.)

Mabingobingo, basi, endelea kuyanyunyizia mchana, kwa matone makubwa yanayoruka chini ili yasipeperushwe mbali, upepo usielekee nyumbani, na usiyakate kabla ya wiki 4. Kabichi na nyanya zinyunyiziwe maji safi. Samadi ya shimoni imwage kwenye matuta ya mboga hizo, uichanganye na udongo miezi michache kabla ya kupanda.